Lango la Pili

Mwezi wa 3 wa mwaka 2020, tarehe 19, shule na vyuo vikuu vya Kongo yetu vilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa Korona. Sisi tulio walimu tulirudi nyumbani na vitabu vyetu. Mama wa watoto wetu alirudi pia, lakini kazi yake haikuweza kubebwa kwapani.

Yeye alikuwa msaidizi katika chuo kikuu, akichunguza mosaiki, ugonjwa ule unaokunja majani ya muhogo tunayopikia sombe na kuyatia madoa. Wanaoueneza ni inzi wadogo weupe. Kila mwezi ilimpasa kwenda katika shamba la chuo na kuhesabu mimea iliyougua na iliyo mizima. Lango lilipofungwa, hesabu ilikatika, na hesabu iliyokatika haishoneki kama nguo. Kupanda upya ni kungoja mvua za mwezi wa 11, kisha muhogo wenyewe wataka karibu mwaka mzima ardhini. Na mkataba wake ulikuwa wa miaka miwili tu.

Je, hakuweza angalau kuandika? Hapa ndipo tunapoona haya. Watoto watatu walikuwa nyumbani, mdogo wao hajaachishwa ziwa. Maji, moto, ugali, masomo ya watoto, vyote vilimwangukia yeye. Sisi tulikaa barazani tukisoma, huku tukisema, «Korona imemharibia kazi.» Usiku mmoja, saa nane, tulimkuta amelala juu ya meza, daftari wazi mbele yake, taa ingali yawaka. Hapo tukafahamu: lango la chuo lilifungwa na Serikali, lakini lango la pili tulilifunga sisi wenyewe.

Baadaye tulisoma ya kuwa jambo hili halikuwa la nyumba yetu peke yake. Mwezi wa 4 wa mwaka ule ule, wanasayansi 4,535 wa Marekani na Ulaya waliulizwa habari za saa zao za kazi. Wenye watoto wadogo walipoteza saa nyingi za uchunguzi, na wanawake kupita wanaume.

Toka usiku ule tuligawana siku: asubuhi watoto ni wetu, na meza ni yake. Mwaka uliopotea haukurudi. Lakini aliandika aliyoweza juu ya hesabu aliyokuwa nayo, na mvua ziliponyesha alipanda tena.

Enyi akina baba, ugonjwa hatukuuleta sisi. Lakini mzigo wa nyumbani, nani aliyeugawa?