Kalamu ya Risasi

Shangazi yangu alikuwa akiwafulia nguo askari wa Kireno pale Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, na mimi ndiye niliyepekua mifuko kabla nguo hazijatiwa majini. Hiyo ndiyo kazi yangu ya kwanza maishani. Sarafu tulimrudishia mwenyewe. Sigara zilizolowa jasho tulizitupa. Vijitabu vya picha, ikiwa siku tatu zimepita na mwenyewe hajaviulizia, vilikuwa vyangu.

Mwaka ulikuwa 1968, nami nilikuwa na miaka 11. Vita vya uhuru vilikuwa na miaka minne tangu risasi za kwanza zilipolia Chai, tarehe 25 Septemba 1964. Barabara ya kwenda Mueda ilikuwa imetegwa mabomu, na malori yaliyotoka alfajiri hayakurudi yote. Lakini meli ziliendelea kushusha vijana bandarini, wengi hata ndevu hazijakolea, na kila kijana alikuja na kitu cha kusoma. Wareno waliviita vijitabu vile quadradinhos. Sisi watoto tuliviita kwadradinyu.

Kilichopatikana zaidi kilikuwa Falcão. Kilikuwa kidogo, ukubwa wa kijitabu cha Yasini, kikiingia barabara katika mfuko wa paja la suruali ya askari. Ndani yake alikuwemo Meja Alvega, rubani aliyewaangusha Wajerumani kutoka angani kama mtu apukutishaye korosho. Mimi niliamini kabisa kwamba Wareno ndio waliompiga Hitler. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba Ureno haikupigana katika vita vile, na kwamba Alvega mwenyewe alikuwa Mwingereza aitwaye Battler Britton, akabadilishwa jina na kutiwa damu ya Kireno huko Lisbon ili apendeze serikalini na kwa wasomaji.

Kikubwa zaidi kilikuwa Mundo de Aventuras, kilichochapwa Lisbon tangu 1949 na kujaa hadithi za Marekani. Huko nako majina yaligeuzwa: Rip Kirby akawa Rúben Quirino, Johnny Hazard akawa João Tempestade. Humo ndimo nilimokutana na Mandrake mchawi na Fantasma, wote wawili kazi ya Lee Falk wa Marekani, yule wa mwaka 1934 na huyu wa 1936. Niliwapenda, siwezi kukana. Lakini kulikuwa na jambo lililonichoma bila kujua jina lake. Fantasma, Mzungu aliyejifunika uso, amekaa katika pango lenye umbo la fuvu, na watu weusi wa msituni wote wanamtetemekea. Lothar, mtoto wa mfalme wa Kiafrika, ameuacha ufalme wake akambebee Mandrake mizigo, kifuani ana ngozi ya chui. Nilikuwa nikitazama mikono yake mikubwa nikimfikiria baba, aliyekuwa kuli bandarini.

Nilivihifadhi katika kasha la mbao lililokuwa la babu, nikatia majani makavu ya mwarobaini ili mende na mchwa wasisogee. Ukurasa uliochanika niliubandika kwa uji mzito wa muhogo. Kufikia mwisho wa 1969 nilikuwa navyo 64, na kila kimoja nilikijua kwa alama zake kuliko kwa picha ya jalada. Kimoja kilikuwa na mhuri wa kantini ya kikosi. Kingine kiliandikwa SPM na tarakimu nne, anwani ya posta ya jeshi, na chini yake jina la mwanamke. Kuna kimoja ambacho mwenyewe alikichora vijistari jalada zima la nyuma, vitanovitano, akihesabu siku za kubaki katika nchi yetu. Hesabu ile ilikatika katikati ya mstari. Shangazi aliletewa nguo zake, na hakuna aliyekuja kuzichukua.

Mtoto wa dada yangu, anayeishi Leicester, aliwahi kunieleza kwamba Uingereza nako kuna watu wa namna yangu. Miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili nchi ile haikuruhusu vitabu vya katuni vya Marekani viingie kama bidhaa, kwa sababu ya uhaba wa dola. Mwaka 1959 mlango ukafunguliwa, na kampuni ya mji huohuo wa Leicester, Thorpe & Porter, ikaanza kuvileta kwa wingi, ikipiga juu ya jalada mhuri wa bei ya Kiingereza, peni tisa. Wako waliokuwa watoto wakati ule ambao leo wanautafuta mhuri wenyewe. Wengine hukasirika wakisema umeharibu jalada. Mimi niko upande wa wanaoutafuta. Mhuri unakuambia kitabu kilipita wapi na kilinunuliwa kwa jasho la nani, na mtoto wa huko aliyetoa peni zake tisa simuoni kuwa mgeni kwangu.

Sasa niseme lile lililonifanya nishike kalamu.

Mjomba wangu alikuwa mvuvi wa jarife. Kabla ya vita watu wetu walikwenda Mikindani, wakaenda Unguja kuchuma karafuu, kama mtu aendaye mtaa wa pili. Mpaka ni mambo ya wakubwa; Kionga yenyewe, upande wetu wa Ruvuma, ilikuwa ya Wajerumani hadi 1916, na waliolala Wajerumani wakaamka Wareno walikuwa watu walewale na minazi yao ileile. Vita vilipoanza bahari ile ikafungwa. Hata hivyo wavuvi wana njia zao, na usiku usio na mwezi mashua ya huku na mashua ya Msimbati zilikuwa zikikutana nje ya mdomo wa Ruvuma, zikabadilishana hiki na kile. Usiku mmoja, mapema mwaka 1970, mjomba alirudi na kipande cha turubai kilichofungwa kwa kamba ya katani. Ndani mlikuwa na sabuni mbili, viberiti, na gazeti la picha.

Halikuwa la michoro. Zilikuwa picha za kamera, watu kweli, na watu wote walikuwa weusi. Mpelelezi mweusi, suti safi, tai ya kipepeo, kofia ya Panama imeinamishwa kidogo, bastola mkononi. Mkuu wa polisi mweusi. Majambazi weusi, mwanamke mrembo mweusi, mwenye gari mweusi. Juu iliandikwa African Film, na mwenye kofia aliitwa Lance Spearman. Nakumbuka nilikaa nalo mlangoni mpaka jua likanihama, nikitafuta Mzungu anayetoa amri. Hakuwemo.

Maneno yalikuwa ya Kiingereza, lugha ambayo pale mtaani hakuna aliyeijua. Lakini juu ya kila kiputo cha maneno, na pembezoni mwa kurasa, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi, kwa herufi za Kiarabu, mwandiko mdogo uliolala kama nyasi zilizopigwa na kusi. Mimi chuoni nilizoea herufi za msahafu, zenye irabu zake zote. Huu haukuwa na irabu hata moja. Nilijaribu neno moja, nikapata s na f na r, nikakwama.

Bibi alikuwa ameketi anakuna nazi. Hakujua herufi za Kizungu, jina lake mwenyewe asingeweza kulisoma kwenye karatasi ya kodi, na kwa Wareno mtu kama yeye aliandikwa hajasoma. Lakini alikuwa na kaka yake Unguja, na kwa zaidi ya miaka ishirini walikuwa wakiandikiana barua kwa Kiswahili cha herufi hizo, kama walivyoandikiana wakubwa wa pwani hii tangu zamani. Barua ya mwisho ilifika kabla ya Januari 1964. Baada ya Mapinduzi haikuja nyingine.

Aliponiona nahangaika alipangusa mikono kwenye kanga, akalichukua gazeti, akalisogeza karibu na macho. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema polepole, “Si mkono wake.” Akanirudishia. Baada ya punde akaninyooshea tena mkono. “Lete taa.”

Ndivyo Bibi alivyoanza kutusomea Spearman. Aliyeandika alikuwa amegeuza hadithi nzima kwa Kiswahili, kiputo kwa kiputo, sijui kwa ajili ya mke, mama au mzee fulani asiyejua Kiingereza. Tulifunga mlango, tukakaa watoto sita, shangazi na mama, kibatari katikati. Bibi alimwita “yule mwenye kofia.” Alisoma kwa sauti ya barua, ile ya kumsomea mtu habari za jamaa zake, na kila mwenye kofia alipoponea chupuchupu alishusha pumzi kwanza ndipo akafunua. Alipomaliza ukurasa wa mwisho alilifunika gazeti, akainua viganja na kusema, “Mola amhifadhi mja wake huyu, popote alipo.” Nasi tukaitika amina. Nilidhani anamwombea Spearman. Kwa jinsi majambazi walivyokuwa wakimwandama, niliona ni haki yake.

Ilikuwa hatari, na wakubwa waliijua hatari ile kuliko sisi. Karatasi yoyote kutoka ng’ambo ya Ruvuma ilikuwa karatasi ya FRELIMO, wapigania uhuru, mpaka ithibitike vingine, na yenye herufi za Kiarabu zilizoandikwa kwa mkono hakuna ambaye angengoja ithibitike. Mwezi wa Julai mwaka ule jeshi lilianza ile operesheni kubwa ya Jenerali Kaúlza de Arriaga, Nó Górdio, mji ukafurika askari, na upekuzi wa nyumba ukazidi. Kwetu walikuja alasiri, watu watatu. Walilimwaga kasha langu uani. Mmoja akaokota Meja Alvega, akacheka, akawaonyesha wenziwe, akatia viwili mfukoni. Walipasua mto wa usufi, wakachoma fimbo kwenye makuti ya paa. Bibi wakati wote ule alikuwa kwenye mkeka wake anasali. Walisimama nyuma yake wakamngoja. Alirefusha sijida mpaka nikaogopa kwamba amekata roho. Wakachoka, wakaondoka.

Alipotoa salamu aliinua mkeka. Spearman alikuwa chini, amelala chali na kofia yake. Usiku Bibi aliirudia swala ile ya alasiri, kwa kuwa hakuridhika na swala iliyosaliwa juu ya picha za watu wenye bastola.

Uhuru ulikuja 25 Juni 1975. Mashua zikaanza tena kwenda Mtwara mchana kweupe. Katika magazeti ya serikali mpya akatokea Xiconhoca, katuni ya adui wa mapinduzi, mvivu, mlevi na mlanguzi, na watu wetu hawakuhitaji kufasiriwa nusu ya pili ya jina lake, kwa kuwa nyoka ni nyoka pande zote za Ruvuma. Baadaye kutoka Tanzania likawa linakuja gazeti la Sani, na vijana wakagombania visa vya Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Vyote niliviweka kasha moja. Nilikwenda Mikindani mara mbili na lile gazeti, nimelifunga kwa karatasi ya nailoni, nikiwaonyesha wazee wa misikitini mwandiko ule. Waliusifu. Hakuna aliyeutambua.

Bibi alifariki mwaka 1982. Baada ya arubaini nilikwenda kwa mwalimu mmoja mtaani kwetu, nikamwomba anifundishe kusoma barua zisizo na irabu, kwa sababu Bibi aliacha mfuko mzima wa barua za kaka yake. Ilinichukua mwaka. Nilipoziweza, nililichukua gazeti.

Kumbe Bibi alikuwa akirekebisha. Pale alipokuwa akituambia mwenye kofia anakunywa sharubati ya ndimu, mwandiko unasema wiski yenye barafu. Yule mrembo aliyekuwa binamu yake, kwenye mwandiko si binamu. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia. Nikafika ukurasa wa mwisho. Chini kabisa, mahali ambapo Bibi alikuwa akifunika gazeti, palikuwa na mstari mmoja ambao hakuwahi kutusomea kwa sauti. Mwandishi anasema amemaliza kufasiri kwa mkono wake dhaifu, na anamwomba atakayesoma amwombee dua.

Miaka kumi na miwili Bibi alikuwa akimlipa, kila tulipomaliza.

Baadaye nilijua kwamba gazeti lile lilikuwa la kampuni ya Drum, likichapwa London. Spearman alikuwa Jore Mkwanazi, mpiga kinanda wa Afrika Kusini, nchi ambayo wakati ule sheria zake zisingemruhusu kamwe kuwa yule tuliyemwona sisi. Kwa hiyo lilitoka kwa watu weusi wa kusini, likapanda London, likashuka Afrika Mashariki, likapita mikononi mwa mtu mwenye kalamu ya risasi, likavuka mdomo wa Ruvuma usiku pamoja na sabuni.

Mji wetu ulitekwa na waasi Agosti 2020. Sisi tulikuwa tumekwisha kutoka mwezi wa Juni, kwa mashua, tukashukia ufukwe wa Paquitequete, katika mji wa Pemba wa Msumbiji, watu ishirini na mmoja na sufuria mbili. Kasha lilibaki. Nyumba iliungua hadi msingi.

Mwaka jana mjukuu wangu alinitafutia kwenye simu. Yako mengi, watu wameyapiga picha ukurasa kwa ukurasa. Akalipata hata lile letu, nililijua kwa jalada. Alikuwa na furaha, akanisogezea taa, akawa ananifunulia kwa kidole. Kofia ni ileile, tai ileile, karatasi nyeupe safi haijakunjwa popote. Nilimwomba aikuze picha ya ukurasa wa mwisho. Akaikuza. Chini palikuwa peupe.

“Babu, unatafuta nini hapo?”

Nilimwambia ainue viganja.