Nilimfukuza Mume Wangu Kwenye Klani

Jamani, ngoja niungame mapema ili mnihukumu vizuri. Julai 2019, saa nne za usiku, nikiwa nimejilaza kitandani nyumbani kwetu Sakina, nilibonyeza jina la mume wangu kwenye simu, nikachagua sehemu ya kumtoa, nikathibitisha. Basi. Miaka mitano ya kucheza pamoja ikaishia hapo, na mwenyewe hakujua. Alikuwa kaskazini mwa Serengeti, karibu na Mto Mara, yeye na wageni wake wakisubiri nyumbu wavuke.

Kwa wasiojua, gemu yenyewe ni Clash of Clans, iliyotoka mwaka 2012 na kufika kwenye simu za Android mwaka uliofuata. Unakuwa na kijiji chako, una mafundi wanaokujengea kuta na mizinga, unaandaa askari, unavamia vijiji vya watu. Wachezaji hadi 50 wanaweza kuungana kuwa klani, yaani ukoo, na tangu 2014 klani hupigana vita zenyewe kwa zenyewe. Katika vita hivyo kila aliyepangwa ana mashambulizi mawili. Usipoyatumia, umewaangusha wenzako.

Aliyenifundisha ni yeye. Tulikuwa bado wachumba, mimi nimeanza kazi karibuni kwenye ofisi ya uhasibu hapa mjini, yeye anaendesha watalii. Wenzangu ofisini walikuwa wakitumiwa meseji za maua na mioyo. Mimi nilitumiwa askari. Mchezaji wa levo ya juu anaruhusiwa kumchangia mdogo askari wake wakubwa wakamlindia kijiji, kwa hiyo nikiamka asubuhi nikakuta wavamizi wa usiku wametandikwa na majitu ya mchumba wangu, roho kwatu. Kama mnaona ni utoto, haya.

Shida ilianza baada ya ndoa, tena polepole. Mnaoishi na waongoza watalii mnajua kalenda yetu. Kuanzia Juni mpaka Oktoba mtu haonekani nyumbani, siku tisa porini, mbili nyumbani, kumi tena porini. Aprili na Mei, mvua zikinyesha, yupo sebuleni mpaka unamchoka. Huko porini mtandao ulikuwa wa kubahatisha. Mimi huku jioni mtoto akilala nina masaa mawili yangu peke yangu, na bando lipo.

Gemu lenyewe limejaribu kutuwekea usawa. Jengo kubwa huchukua siku kadhaa kujengwa, na fundi hafanyi haraka eti kwa sababu umemkodolea macho. Anayecheza dakika kumi asubuhi na kumi usiku hapitwi mbali sana na anayeshinda kwenye simu kutwa nzima, labda huyo wa pili awe na hela ya kununua vito vya kuharakisha kazi. Ila kikomo hicho kinamsaidia anayepita mara moja moja. Asiyepita kabisa hana lake. Fundi wa kwenye simu ni kama fundi wa mtaani tu, akimaliza kazi na bosi hayupo, anakaa kivulini. Mafundi wa Baba Junior walikuwa wakikaa kivulini wiki nzima.

Kufikia 2019 nilikuwa nimempita kwa levo mbili za jumba kuu. Mwanafunzi amempita mwalimu! Akaanza utani ambao haukuwa utani. “Mama Junior, si unisubiri kidogo?” Nikawa nacheka, ila moyoni nasema, nikusubiri kwa kosa gani? Mimi sikukuzuia kwenda porini.

Halafu klani yetu ilikuwa na sheria, ukikosa vita mbili mfululizo unatoka. Mume wangu aliondoka kwa haraka bila kubadilisha ngao yake kuwa nyekundu, alama ya kusema “msinipange”. Kiongozi akampanga. Akakosa vita ya kwanza, ya pili, ya tatu. Vijana wa chuo waliokuwa wakicheza mpaka alfajiri wakaanza maneno: “Shem analindwa.” Mimi ndiye niliyekuwa naibu wa kiongozi, na wiki moja nyuma nilikuwa nimemtoa mtu mwingine kwa kosa lilelile. Ningefanyaje?

Alikuja kujua alipofika Karatu, simu iliposhika mtandao. Hakunitumia meseji. Alifika nyumbani na vumbi lake, akambeba Junior, akaoga, akala, akanishukuru kwa chakula. Ukiona mwanaume wa Kiarusha anashukuru namna hiyo, jua kuna jambo. Taa zilipozimwa ndipo akasema, “Ungeniuliza.”

“Ningekuuliza vipi na ulikuwa hupatikani?”

“Sasa kama nilikuwa sipatikani, si ndiyo ungenilinda?”

Nikajibu kwa hasira kwamba sheria ni sheria. Akasema anachotaka ni kitu kimoja tu, akiwa porini na mimi nisijenge. Nisimame nilipo mpaka arudi. Hapo tukanuniana siku mbili, na siku mbili ndizo zote alizokuwa nazo nyumbani. Aliondoka hatujaongea vizuri. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo, kuliko hata kumfukuza.

Mhasibu akipata tatizo anatafuta wengine wamelifanyaje. Nikaanza kusoma. Kumbe waunda magemu wameumiza vichwa kwa jambo hilihili miaka mingi! Blizzard ya Marekani, kabla ya kutoa World of Warcraft mwaka 2004, walijaribu kumpunguzia mchezaji pointi kila alipocheza muda mrefu. Waliokuwa wakilijaribu gemu wakachukia, wakajiona wanaadhibiwa kwa bidii yao. Basi kampuni ikageuza maneno, hesabu ikabaki karibu ileile. Kile kilichokuwa malipo kamili kikaitwa bonasi ya aliyepumzika, na kilichokuwa adhabu kikaitwa malipo ya kawaida. Watu wakaridhika. Ukitoka kidogo ukarudi, unalipwa mara mbili mpaka bonasi iishe.

China wao walichukua fimbo. Mwaka 2007 waliagiza kwamba mtoto chini ya miaka 18 akizidisha saa tatu, anachovuna kwenye gemu kinakatwa nusu, na baada ya saa tano havuni kitu. Gemu la EVE Online la Iceland, la mwaka 2003, likafanya ujuzi uongezeke kwa saa ya ukutani, uwepo usiwepo. Nikasema hili ndilo la mume wangu! Kumbe mwaka 2016 waliruhusu wachezaji kuuziana ujuzi, mwenye hela akaruka foleni. Na lilikuwepo City of Heroes la 2004, ambapo rafiki wa levo ya juu alimshika mkono mdogo wake, huyo mdogo akapigana karibu sawa naye maadamu wako pamoja.

Nilivyosoma hayo nikaona wazi kwamba Baba Junior aliniomba fimbo ya China, na mimi nilimpa sheria ya klani. Wote wawili tulikuwa tunatafuta nani afungwe. Hakuna aliyewaza aliyetoka safari apewe nini akirudi.

Nikakumbuka pia Mlima Meru. Mwaka 2016 alinipandisha, kazi yake ya zamani. Pale kutoka geti la Momella unatembea na askari wa hifadhi mwenye bunduki, kwa sababu ya nyati, na kundi haliachani naye. Usiku wa kilele tuliondoka Saddle Hut, mita 3,570, saa nane za usiku, na mimi tumbo limechafuka. Kulikuwa na vijana wawili wenye miguu ya swala. Walitangulia mpaka Rhino Point, wakasimama pale kwenye upepo wakinisubiri, wanatetemeka. Nilipofika, walikuwa wamenichukia kabisa, na mimi nimejichukia zaidi. Mume wangu hakuwaambia wapunguze mwendo. Alichukua begi langu, akalipa jiwe la mgongo wake, akaniweka mbele niwe wa pili baada ya askari. Mwendo ukawa wangu, mzigo ukawa wake. Tukafika.

Basi nikamwandikia kiongozi wa klani, chalii mmoja wa Njiro, pendekezo kama la ofisini. Atakayebadilisha ngao yake kuwa nyekundu asiguswe, hata akipotea mwezi. Akisahau, naibu amtumie meseji ya kawaida kabla ya kumpanga. Na anayerudi achangiwe askari wakubwa wiki nzima. Vijana wa chuo walipinga, na sikufichi, walikuwa na hoja. Wao ndio walioshinda vita. Wanakesha, wanakula bando, halafu mtu anatoka porini anakuta zawadi mezani?

Kilichowanyamazisha ni Michezo ya Klani ya Agosti. Haya ni mashindano yaliyoanza Desemba 2017, klani inakusanya pointi pamoja kwa siku chache. Kufikia zawadi ya juu tulihitaji pointi 50,000, na kila mchezaji alikuwa na kikomo cha 4,000. Pigeni hesabu. Wachezaji 12 hodari wakimaliza kila kitu wana 48,000. Lazima apatikane mtu mwingine. Vijana wetu walimaliza kikomo chao mapema, wakakaa mikono kifuani, hawaruhusiwi kuongeza hata pointi moja. Wengine tukajikongoja. Usiku wa mwisho zilibaki pointi mia kadhaa, na hakuna mwenye nafasi aliyekuwa macho.

Baba Junior alikuwa nyumbani siku hizo mbili zake. Alikuwa ameshakubali mwaliko wa kurudi kwenye klani, kwa shingo upande. Nikamwangalia, sikusema kitu. Akachukua simu, akakaa kwenye ngazi za nje kwa sababu ndani mtandao ulikuwa unasuasua, na kale kakijiji kake ka nyuma ya wakati akafanya kazi tatu ndogo. Saa saba za usiku zawadi ikafunguka. Wale waliosema shem analindwa wakaandika, “Shem umetisha!” Aliingia ndani anajifanya hajali, ila alinisomea meseji zote, moja baada ya nyingine.

Ningeweza kuishia hapo mkasema nina busara. Ila mwaka 2020 ulikuja. Machi wageni wakaanza kukatisha safari, Aprili ndege za kimataifa zikasimamishwa. Zilirejea Mei 18, lakini ndege kutua si sawa na mgeni kufika. Magari yakalala. Mtu aliyezoea kuwa na gari la wageni saba wanaomsikiliza akawa anasikilizwa na Junior tu, tena kwa shida. Mshahara wangu ndio ukawa wa nyumba.

Akacheza. Asubuhi, mchana, usiku. Mafundi wake hawakukaa tena kivulini. Na mimi ofisini tulipunguzwa, kazi za wawili nafanya mwenyewe, narudi usiku macho yanauma, vita nakosa. Agosti akanipita. Nilikasirika, msiniulize kwa nini, kijiji cha kwenye simu tu! Nikajisikia nasema, “Baba Junior, si unisubiri kidogo?”

Hakucheka. Alinyamaza, halafu akasema, taratibu kabisa, “Mama Junior, mwaka huu hapa ndipo peke yake ninapopanda.”

Sikuomba tena. Niliingia jikoni, nikaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa.

Mwisho wa mwezi ule, wakati wa kufunga hesabu ambapo huwa sijui hata simu iko wapi, nilikuja kugundua sijapangwa vitani. Ngao yangu ilikuwa nyekundu. Yeye ndiye aliyeichukua simu yangu nikiwa nimelala, akaibadilisha, akairudisha kwenye chaji. Na kijijini kwangu kulikuwa na askari wake, wale wakubwa, wamepangwa kama 2014.

Wageni walirudi, na yeye akarudi porini. Klani yenyewe imepungua, vijana wa chuo wameoa, wana kazi, ngao zao nyingi ni nyekundu siku hizi. Sisi bado tupo. Tumekubaliana kwamba najenga akiwepo asiwepo, na akirudi, usiku wa kwanza askari wangu wote ni wake kabla hata ya habari za majirani.

Yeye naye ana desturi yake. Akiwa anaondoka husimama Karatu, wageni wakinunua kahawa, anafungua gemu na kuwapa mafundi kazi ndefu kuliko zote zilizopo, halafu ananitumia meseji moja. Ya jana iliandikwa, “Fundi mkubwa siku kumi na moja.” Nimeshaweka alama kwenye kalenda ya jikoni.