Mtiki Haukuwa na Kosa

Uso wa meza ya kazi ya karakana yangu umeachia kwenye maungio, na aliyeuharibu ni mimi. Kwanza nilimlaumu muuza mbao, nikasema mtiki wake ulikuwa mbichi. Kisha nikamgeukia kijana wangu wa kazi, eti hakukaza vibano. Wote wawili niliwaonea.

Mbao zilikuwa safi: mtiki wa Longuza, Muheza, uliokaushwa kivulini. Tulizichana na kuzisimamisha kwa ubavu ili uso uwe mnene wa kustahimili nyundo. Gundi ndiyo niliyoichukua kwa mazoea, ile nyeupe ya maji tunayopaka kwenye milango ya mninga. Ilikuwa haijawahi kuniangusha.

Mtiki una mafuta. Ukiupiga randa na kuupaka gundi siku hiyohiyo, unashika. Ukiulaza, mafuta yanapanda juu na gundi ya maji haipati pa kuingia. Mimi nilizipiga randa, nikazirundika ukutani, nikashughulika na kitanda cha mteja. Niliporudi sikuzipitisha randa tena, wala sikuzifuta kwa kitambaa chenye thina. Zilikuwa zinang'aa, nami nikaudhania ule mng'ao kuwa ni usafi.

Tena ilikuwa adhuhuri, na joto la Tanga mnalijua. Gundi nyeupe kwenye joto lile hufanya utando ndani ya dakika chache, nasi tulikuwa na mbao nyingi za kupaka. Tulipofika ya mwisho, zile za kwanza hazinati hata kidole. Kijana akaniambia, "Fundi, hii imeshakauka." Nikamjibu, "Wewe kaza tu." Akakaza, na hakuna tone lililotoka kwenye maungio. Gundi isipotoka chini ya kibano, kazi imeharibika. Hilo nimewafundisha vijana miaka yote.

Nilipobandua ungio moja nikaona upande huu utando wa gundi, upande wa pili mbao kavu, haina hata unyuzi uliong'oka. Gundi iliyoshika sawasawa haiachii hivyo. Ukilazimisha, inayochanika ni mbao.

Iliyofaa ni epoksi ya kuchanganya, aina inayokawia kuganda. Inakupa muda wa kupanga mbao bila papara, na ikishakauka hailegei chini ya uzito wa siku zote kama ile nyeupe. Ila haitaki kukamuliwa; ukibana kupita kiasi, unabaki na mbao mbili zisizo na gundi katikati. Niliikwepa kwa bei. Nilijidai nabana matumizi, sasa nanunua epoksi ileile juu ya hasara.

Kijana nimemwomba radhi mbele ya wenzake. Nawe unayeunganisha mtiki, piga randa asubuhi, futa kwa thina, paka kabla jua halijapanda, na msaidizi akikwambia gundi imekauka, simamisha kazi.