Kutoka Kimara hadi Husuni Kubwa

Huku kwetu Kimara, katika vilima vya pembeni mwa Dar es Salaam, kila mtu anajenga. Kukicha tu, malori ya mchanga yanapanda Barabara ya Morogoro, mafundi wanafyatua matofali, na mwenye kiwanja amesimama akitazama ukuta wake unavyoinuka. Kujenga si kosa. Baba gani hataki watoto wake walale pakavu? Lakini leo nakuomba uweke jembe chini kidogo, tufuatane kwenda kutazama nyumba ya mfalme aliyejenga karibu miaka 700 iliyopita.

Panda gari la alfajiri kule Mbagala, upande wa Temeke, ushike Barabara ya Kilwa. Utapita Kibiti na Ikwiriri, utavuka Mto Rufiji juu ya Daraja la Mkapa lililofunguliwa mwaka 2003. Ukifika Nangurukuru, njia inakata kushoto kuelekea baharini mpaka Kilwa Masoko. Hapo lipa kiingilio, upate mwongozaji, kisha ingia mashuani. Kisiwa unachokiona ng'ambo ndicho Kilwa Kisiwani.

Ukikaribia pwani utaona ngome iitwayo Gereza. Ipite kwanza. Tutairudia.

Twende kwanza kwenye Msikiti Mkuu. Upande wa kaskazini ndio wa zamani zaidi, ulijengwa karne ya 11 au ya 12. Upande wa kusini, mpana wenye nguzo na kuba nyingi, uliongezwa karne ya 14. Yote ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa yenyewe ni matumbawe yaliyochomwa motoni. Ingia kwa adabu, kama unavyotaka mgeni aingie katika kanisa la parokia yako. Watu walimwomba Mungu mahali hapa kabla babu wa babu yako hajalisikia neno la Injili.

Sasa tembea kuelekea mashariki, nje ya mji wa kale, mpaka ukingo wa jabali lililo juu ya bahari. Hapa ndipo Husuni Kubwa, jumba la Sultani Hasan bin Suleiman, aliyetawala tangu 1310 hivi mpaka 1333. Mtaalamu Neville Chittick alipoyachimbua magofu haya katika miaka ya 1960, dunia iliona ukubwa wake: vyumba zaidi ya 100, nyua, maghala, ngazi za kushukia baharini, na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Fedha zilitoka wapi? Zilitoka katika biashara. Dhahabu ya Sofala ilipitia mikononi mwa Kilwa, na pembe za ndovu, na watumwa pia.

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, akaandika habari za sultani huyu. Anasema watu walimsifu kwa ukarimu. Ijumaa moja, akitoka msikitini, maskini mmoja alimsimamisha, akamwomba nguo alizovaa. Sultani akarudi ndani, akavua, akampa. Kutoa ni moyo! Mkatoliki akisikia haya atamkumbuka Mtakatifu Martino na joho lake. Lakini hadithi haijaisha. Mwana wa sultani alizitaka tena zile nguo, akampa yule maskini watumwa 10 badala yake. Sultani naye akaongeza watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe. Watu 20, msomaji, walitolewa sadaka kama mbuzi. Nani aliwauliza wao? Hata majina yao hatuyajui. Na jumba lile, kwa fahari yake yote, halikumalizika. Likaachwa, miti ikaota sebuleni.

Usiseme upesi, "Hao ni wengine, si sisi." Turudi pwani kwenye ile ngome.

Mwezi wa Julai mwaka 1505 Francisco de Almeida alifika na merikebu za Wareno. Wakatua na silaha, sultani akakimbia. Habari za safari hiyo, zilizoandikwa wakati ule ule, zasema kwamba mapadre Wafransisko walishuka na misalaba miwili, wakaandamana wakiimba Te Deum mpaka jumba la mfalme, na msalaba ukawekwa pale. Sala ilipokwisha, askari wakaanza kuuteka nyara mji. Kisha wakajenga ngome, wakaipa jina la Mtakatifu Yakobo. Mwaka 1512 wakaiacha wakaenda zao. Ngome unayoiona leo kwa sehemu kubwa ilijengwa upya wakati wa Waomani, kama mwaka 1800, na bahari imeshakula upande wake mmoja.

Na jina lake? Wataalamu wengi wa lugha husema neno letu "gereza" limetoka katika neno la Kireno "igreja", maana yake kanisa. Tafakari hilo. Neno la nyumba ya Mungu, likipita mikononi mwa watu wenye bunduki, likaishia kuwa jina la nyumba ya minyororo. Ndiyo maana tarehe 12 Machi 2000 Papa Yohane Paulo II aliungama mbele ya ulimwengu dhambi za wana wa Kanisa, na hasa dhambi ya kutumia nguvu kwa jina la ukweli. Kuungama huko hakukulidhalilisha Kanisa, bali kulilisafisha.

Mwaka 1981 UNESCO iliyaweka magofu ya Kilwa katika Urithi wa Dunia. Ukipata nauli, wapeleke watoto wako wakayaone.

Mimi nimerudi Kimara, malori bado yanapanda. Nawe huko kijijini labda unaezeka bati mwaka huu. Hongera. Lakini kabla hujamwita padre abariki nyumba, jiulize: fundi amelipwa jasho lake? Mpaka wa shamba haukusogezwa usiku? Yule mjane uliyenunua kiwanja chake alipata haki yake? Kama bado, lipa kwanza. Matumbawe ya Husuni Kubwa yalikuwa magumu kuliko matofali yetu, na leo popo ndio wenye nyumba.