Mzamiaji na Uzito wa Maji

Twaandika haya tukiwa na deni.

Mwanafunzi wetu wa zamani, aliyekhitimu Qur'ani mikononi mwetu, alikuwa mzamiaji wa majongoo ya bahari hapa Unguja, yale yanunuliwayo na wafanyabiashara wakayapeleka China. Siku moja alizama mara nne kwa mtungi wa hewa, kina cha mita 30. Mara ya mwisho hewa ikamwishia, akaibuka kwa haraka. Alipofika pwani viungo vilimwuma, kisha miguu ikafa ganzi. Mama yake akatujia mbio: "Maalim, miguu ya mwanangu imekufa!" Watu wakasema ni jini wa baharini. Tukamsomea tangu alasiri hata alfajiri. Kusoma si kosa. Kosa letu ni kumlaza mkekani usiku kucha, na hospitali ipo.

Baadaye daktari alitufahamisha, nasi tukaona haya. Hewa iliyo juu yetu hutugandamiza kwa uzito wa kadiri ya kilo 1 juu ya kila sentimita ya mraba. Kila mita 10 za maji, yaani pima tano na kitu, huongeza uzito mwingine kama huo. Basi penye mita 30 ni mara 4. Pumzi aliyoivuta mtu hapa juu, huko chini hubaki robo ya nafasi yake. Wazamia lulu wa Bahrain na Kuwait, waliozama kwa pumzi moja tu, wengi walipasuka ngoma za masikio kwa uzito huo.

Mwenye mtungi ana hatari nyingine. Hewa aivutayo imeshindiliwa, na sehemu yake kubwa, naitrojeni, huingia katika damu na nyama kadiri akaavyo chini. Akipanda polepole, hutoka kwa pumzi. Akiharakisha, hufanya mapovu mwilini kama soda iliyofunguliwa kwa ghafula, nayo huweza kudhuru hata uti wa mgongo. J. S. Haldane wa Uingereza aliyajaribu hayo kwa mbuzi, na mwaka 1908 akatangaza majedwali ya kupanda kwa vituo. Mbuzi walipandishwa kwa vituo. Kijana wetu hakuambiwa na mtu.

Dawa yake ni kuvutishwa oksijeni papo hapo, kisha kutiwa katika chumba cha chuma kishindiliwacho hewa, mapovu yanywee. Kila saa ipitayo hupunguza tamaa ya kupona. Wala asirudishwe majini, kama wafanyavyo wengine.

Mama yake hajatulaumu hata leo. Kijana hutembea kwa mikongojo. Mdogo wake naye amekwisha kuazima mtungi! Jana tuliwaketisha pamoja, kaka yake akamwuliza: "Kutoka mita 30, utapanda kwa muda gani?" Hakujua. Akaelezwa: si zaidi ya mita 9 kwa dakika, na penye mita 5 asimame dakika 3, na akizama tena na tena siku hiyo hiyo, hata hayo hayatoshi. Tumemtaka arudi kesho, na mtungi aje nao.