Namba ya Padri Mersenne



Sisi waamini tumezoea kuhesabu: mafumbo ya Rozari, siku za Kwaresima, michango ya kila Dominika. Leo tuitafakari namba moja kubwa: 147 573 952 589 676 412 927. Huipata anayezidisha 2 sitini na saba zenyewe kwa zenyewe, kisha akatoa 1.

Mwaka 1644, Padri Marin Mersenne, mtawa wa shirika la Waminimi mjini Paris, alitoa orodha ya namba za aina hiyo alizosema ni tasa, yaani hazigawanyiki kamili ila kwa 1 na kwa zenyewe. Namba yetu ilikuwamo. Mersenne alikuwa mtu wa sala na wa elimu. Wataalamu wengi wa Ulaya walipashana habari kwa barua kupitia kwake. Neno lake lilikuwa na uzito.

Mwaka 1876, Mfaransa Édouard Lucas alithibitisha kwamba namba hiyo si tasa. Lakini njia yake haikufunua namba zinazoigawanya. Ndipo mwaka 1903, katika mkutano wa wanahesabu mjini New York, akasimama Frank Nelson Cole. Inasimuliwa kwamba hakusema neno: aliandika namba ile ubaoni, kisha akazidisha 193 707 721 kwa 761 838 257 287. Majibu yakalingana, akarudi kuketi, nao wakampigia makofi. Yasemwa kwamba kazi hiyo ilimchukua Dominika za miaka mitatu.

Sisi nasi tuliirudia hesabu hiyo kwa kalamu. Ilijaza karatasi nzima, tukaifikia namba ile ile. Hapo tulitambua kwamba ukweli hauna cheo: padri msomi na kijana wa parokia wanainama mbele yake sawasawa.

Je, katika vikundi vyetu ni hivyo? Mara nyingi tunaogopa kuomba hesabu ya sanduku, eti mtunzaji ni mkubwa wetu. Tunanyamaza mkutanoni, kisha tunanung'unika njiani, na manung'uniko hutawanya kikundi. Kumbe kuhakikisha neno la mkubwa si kumvunjia heshima. Mersenne alisahihishwa, na hata leo namba hizo zinaitwa kwa jina lake. Tomaso naye aliomba kuona; Bwana hakumfukuza, alimwonyesha majeraha yake.

Lakini tumtazame Cole pia. Hakumtukana marehemu wala hakupiga kelele. Alileta kazi aliyoitolea jasho, akaiweka mahali ambapo kila mtu aliweza kuihakikisha. Anayetaka kumsahihisha ndugu yake na aje hivyo; naye anayetunza mali ya wote na aweke daftari wazi kabla ya kuombwa.

Katika mkutano wenu ujao, zidisheni 23 kwa 89. Mtapata 2047, ambayo ni 2 kumi na moja zilizozidishwa, ukatoa 1. Kisha fungueni daftari la sanduku, mlisome pamoja.