Mkokoteni wa Mlangoni: Siku Moja Bondeni Msimbazi

Mgeni ashukaye Mtaa wa Msimbazi, pale Kariakoo, kwa mara ya kwanza, hajui aangalie wapi. Akitazama maghorofa, atagongwa na mzigo. Akitazama chini, atapotea njia. Mimi nilipotaka kuvuka nilisikia sauti nyuma yangu, "Pisha, mzigo huo!" Nikaruka pembeni, na mkokoteni ukapita na magunia ya vitunguu, kijana mmoja akivuta mbele, mwingine akisukuma nyuma, jasho likiwatiririka. Hakuna aliyeniomba radhi, wala sikuona sababu. Kariakoo mwenye mzigo ndiye mwenye njia.

Jina lenyewe la mahali hapa ni la wachukuzi. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, waliweka hapa kambi ya Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi wa vita. Wenyeji wakalitamka kwa namna yao, likawa Kariakoo. Wapagazi wale walichukua vichwani chakula na risasi za majeshi, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Basi mkokoteni ulionikosakosa ni mjukuu wa kazi ya zamani sana.

Nilikuwa nimekuja kununua turubai na madumu ya maji ya kupeleka kijijini kwetu, maana masika yalikuwa karibu. Mwenyeji wangu alikuwa shemeji yangu mmoja, mzee aliyefanya kazi ya mkokoteni sokoni hapo tangu ujana wake. Nilimwamkia, "Shikamoo, shemeji." Akaitika, akatazama turubai langu, akacheka. "Turubai ni zuri," alisema, "lakini umejua utalifunga wapi, na nani atalibeba? Njoo nikuonyeshe kitu."

Tukafuata Mtaa wa Msimbazi hadi Faya, kisha tukashika Barabara ya Morogoro kuteremka Jangwani. Hapo mji hufunguka ghafula. Nyumba huachana, na bonde pana hulala mbele yako, na mto katikati. Siku ile mto ulikuwa mwembamba, mtoto angeuvuka bila kulowa magoti. Lakini mto Msimbazi hutoka mbali, katika vilima vya Pugu huko Kisarawe, ukapita kilomita 35 hivi, ukipokea vijito vya mjini, mpaka baharini penye Daraja la Salenda. Mvua ikinyesha vilimani, maji yote huja kukutana hapa; na ikiwa bahari imejaa, hayana pa kutokea upesi. Mtu wa Jangwani aweza kuona jua na bado akafikiwa na mafuriko.

"Nyumba yangu ilikuwa pale," mzee alisema, akinyosha kidole kwenye majani matupu.

Alinihadithia habari za Desemba 2011. Mvua ilianza tarehe 20, na wapimaji wa hali ya hewa walisema mji haujapata mvua kubwa namna ile tangu mwaka 1954. Watu zaidi ya 40 walikufa katika jiji. Mzee alikuwa na mkokoteni mlangoni, tena magurudumu yamejaa upepo. Majirani walimwonea wivu, kwa kuwa yeye alikuwa na chombo.

"Shemeji," aliniambia, "chombo ninacho, akili sina. Maji yalipoingia uani nikapakia televisheni. Nikapakia godoro, nikapakia cherehani ya mke wangu. Nikasukuma mpaka juu barabarani, nikashusha, nikarudi. Niliporudi maji yalikuwa kiunoni, na mkokoteni haukusukumika tena. Mama yangu, ambaye hakuweza kutembea, alikuwa bado chumba cha ndani."

Alinyamaza kidogo. Vijana wawili wa jirani, ambao hawakuwa na mkokoteni wala baiskeli, ndio waliong'oa mlango, wakamlaza bibi juu yake, wakamtoa. Aliishi miaka minne tena. "Hakunigombeza hata siku moja," mzee alisema. "Ila kila asubuhi nikimwamkia, aliniitika: Marahaba, mwenye televisheni."

Baada ya mafuriko yale serikali iliwapa viwanja watu wengi wa bondeni huko Mabwepande, mbali upande wa Bunju. Wengine walikwenda wakakaa. Wengine walirudi, si kwa ukaidi tu, bali kwa sababu riziki yao ilikuwa Kariakoo, na nauli ya kila siku ilikula chakula cha watoto. Katika miaka ya karibuni nyumba nyingi za bondeni zimebomolewa na wenyewe kulipwa fidia, ili bonde litengenezwe na Daraja la Jangwani liinuliwe. Mzee sasa amepanga chumba Magomeni, juu kidogo, na huko ndiko alikonipeleka.

Mkokoteni ulikuwa mlangoni, umefungwa mnyororo. Mchana mwanawe huufanyia kazi. Jioni lazima urudi nyumbani na magurudumu yajazwe kabla ya kula. Ndani, nyuma ya mlango, lipo sanduku moja la mbao ambalo watu wawili hulinyanyua kwa mara moja. Nilimwomba alifungue. Mlikuwa na unga na maharage ya siku tatu, chumvi, kibiriti ndani ya chupa iliyofungwa, sufuria, tochi, redio ndogo, sabuni, dawa za mkewe za presha, blanketi mbili, kamba, pampu na spana. Vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya shule vilikuwa katika mifuko miwili ya plastiki, mmoja ndani ya mwingine. Kando lilisimama dumu la maji safi, ambalo hubadilishwa mara kwa mara.

"Hapa Magomeni maji hayakufikii," nilimwambia.

"Na moto je?" alijibu. Nikakumbuka usiku wa tarehe 10 Julai 2021, soko kuu la Kariakoo, jengo mashuhuri lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliposhika moto, na wafanyabiashara wakasimama barabarani wakitazama mali yao inakwisha. Moto haupigi hodi.

Huko Marekani ziko familia zenye magari makubwa yaliyo nyumba kabisa, yenye vitanda, jiko, choo na tangi la maji. Huyatumia kwa matembezi, na tufani ikitangazwa huingia ndani na kukimbia. Ni jambo jema kwa mwenye uwezo. Lakini hata kwao gari peke yake halikutosha. Baada ya tufani iitwayo Katrina mwaka 2005, serikali yao ilinunua nyumba za magurudumu zaidi ya laki moja kwa waliopoteza makao. Baadaye ikaonekana kwamba hewa ya dawa iliyotumika katika mbao zake iliwaudhi watu macho na vifua. Nyumba ya magurudumu ni ya kukimbilia, si ya kukaa miaka.

Nasi tusidanganyike na injini. Maji yanayokwenda kasi, hata yakiwa ya kifundo cha mguu na kuzidi kidogo, yaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60 huchukua motokaa nyingi. Barabara ya Jangwani imefungwa mara nyingi kwa sababu hiyo. Chombo ni cha kuondokea mapema, si cha kuvukia mafuriko. Tena, ukilala na watoto ndani ya gari au chini ya turubai lililozibwa, usiingize jiko la mkaa kamwe. Hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini. Na maji ya mafuriko yasinywewe. Maji yoyote yenye mashaka yachemshwe mpaka yatokote barabara, maana kipindupindu huja nyuma ya gharika.

Pengine msomaji wa kijijini atasema, "Hayo ni ya mjini." Sivyo. Tarehe 3 Desemba 2023, huko Katesh, chini ya Mlima Hanang, matope na mawe yaliteremka asubuhi, yakaua watu zaidi ya 80. Pale hapakuwa na nafasi ya kufunga mkokoteni. Ndiyo maana jambo la kwanza ni kujua mahali ulipojenga: korongo lapita wapi, mto huvimba miezi gani, kilima kipi ni salama. La pili ni kusikiliza redio Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa onyo. La tatu ndilo chombo, kiwe baiskeli, punda, mkokoteni wa ng'ombe au trekta la jirani, mradi mmekubaliana mapema nani atabebwa nacho na mtakutana wapi. Hata namba ya Zimamoto, 114, watoto waijue kwa moyo.

Nilipokuwa nikiaga niliona maandishi ya rangi nyeupe kwenye ubao wa mbele wa mkokoteni. Yalisema hivi: "1. Mama. 2. Watoto. 3. Sanduku." Nikamwuliza mzee kwa nini hajafuta neno la kwanza, maana bibi alifariki siku nyingi.

"Mke wangu naye ni mama," alisema, "na magoti yake yameanza kuuma."

Nilirudi kijijini na turubai langu na madumu. Jioni ileile, kabla ya kula, niliwaita watu wa nyumbani tukapanga nani atambeba babu.